Laini Isiyokatwa

Nikiingia chumba chenye feni siwezi kukaa kabla sijajua swichi yake iko wapi na nani anaweza kuizima. Watu wa nyumbani wamenizoea. Wageni ndio hudhani nina haraka, maana nasimama katikati ya maongezi, nazunguka, nachungulia nyuma ya kabati, kisha narudi kukaa na kuomba radhi. Sina haraka yoyote. Ni mwili tu umekataa kutulia, na najua hasa ulianza kukataa lini.

Nilirudi Juba mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini. Nasema nilirudi, lakini nilikuwa nimeondoka mgongoni mwa mama, kwa hiyo mji ule nilikuwa siujui hata kidogo. Nilikulia kambini Kenya, nikasomea ufundi wa umeme, na kwa bahati nzuri nikapata kazi Mombasa kwenye gati la kukarabati meli. Pale zililetwa hata meli za kivita. Fundi mkuu wetu, mtu mfupi mwenye vidole vyenye makovu ya moto, hakuwa akipenda maswali, ila siku moja alinisimamisha mbele ya bodi kuu ya meli ya kijeshi, kabati refu la chuma lenye swichi nyingi kupita kiasi, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wake. Ilikuwa orodha. Umeme ukipungua, meli ya kivita haikati taa ovyo. Kwanza hukata jiko, halafu viyoyozi vya vyumba vya kulala, halafu hiki na kile, ikishuka hivyo hivyo mpaka inafika kwenye laini ambayo haikatwi kamwe. Nilidhani laini hiyo itakuwa ya mizinga. Kumbe ilikuwa ya usukani na ya pampu za maji ya kupoza.

Alinieleza kwa nini. Kwenye meli inayoendeshwa kwa umeme, jenereta huzalisha, bodi hugawa, na mota huzungusha propela. Kila hatua hapo hutoa joto. Nyaya zina joto, mota ina joto, kabati linaloongoza mota lina joto zaidi kuliko vyote. Maji safi hupita ndani ya mabomba yakalichukua joto hilo, kisha yakalikabidhi kwa maji ya nje, ya bahari au ya mto, nayo yakaenda nalo. Pampu ikisimama dakika chache tu, kabati hujizima ili lisiungue, na meli inabaki chuma kinachoelea. Nilimsikiliza mpaka mate yakanikauka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, na hakuna kitu kilichowahi kunipendeza kama ile orodha.

Basi nikafika Juba na orodha yangu kichwani, katika mji ambao haukuwa na umeme wa kukata. Kila ua na jenereta lake. Kila duka pale soko la Custom lilikuwa na kijenereta mlangoni kikipiga kelele, na wauzaji walikuwa wakipatana bei kwa kupigiana mayowe. Mfanyabiashara mmoja wa jumla wa hapo Custom, mama wa Kiganda mwenye maghala mawili, alikuwa amenunua boti kuukuu la mto, la aina ile inayosukuma matishari ya mizigo. Injini yake ilikuwa imekwisha kabisa. Mtu fulani alimshawishi aing'oe, aweke majenereta mawili na mota za umeme zilizotumika. Alimwambia umeme hauna kelele. Mama yule alichoka na kelele, akalipa. Ndivyo ilivyotokea kwamba boti pekee la umeme nililowahi kuliona kwenye mto ule lilifungwa kwenye bandari ya mji uliokuwa gizani, na mimi nikaajiriwa kuligawia umeme.

Tulikuwa wachache, ukimhesabu na mpishi. Nahodha alikuwa mtu wa mto tangu utotoni, mwenye kitambi na sauti ya chini, aliyechanganya Kiarabu cha Juba na Kiswahili alichookota kwa madereva. Fundi wa kupoza alikuwa Mganda mtu mzima, aliyekuwa ametumikia feri za ziwani miaka mingi. Mimi nilimwita Mzee, yeye akaniita Injinia, na jinsi alivyolivuta neno hilo nilijua ni utani.

Tuligombana siku ya kwanza. Nilitaka maji ya mto yaingizwe kwa tundu la chini kabisa la boti, kama nilivyozoea kuona Mombasa.

"Wewe iko na akili ya bahari," akaniambia, bila kuacha kufuta bomba. "Hii maji hapa iko na udongo, iko na majani mingi. Ukichukua chini, utakunywa matope tu."

"Nimesoma hii kazi, Mzee."

"Ndiyo. Lakini majani haijasoma."

Nilikasirika, nikatupa bisibisi, nikaenda kuzunguka gatini mpaka hasira ikatulia. Niliporudi alikuwa ameshachomelea tundu pembeni, juu kidogo, na vyujio viwili badala ya kimoja, ili kimoja kikiziba ahamishie maji kwenye cha pili huku akisafisha cha kwanza. Alikuwa sahihi kwa kila kitu. Hilo nalo liliniudhi. Kila nusu saa, tukiwa safarini, aliandika kwenye daftari la shule joto la maji, joto la mota, joto la kabati. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Mimi nikabandika orodha yangu mlangoni mwa bodi. Laini ya nne, soketi na taa za abiria, ya kwanza kukatwa. Laini ya tatu, jiko. Laini ya pili, taa za sitaha na mashine ya kuvutia kamba. Laini ya kwanza, usukani, pampu ya kupoza na feni ya chumba cha mashine, isikatwe kamwe. Nikatia sahihi chini, kana kwamba kuna mtu angeuliza nani kaandika.

Kosa langu lilikuwa kuibandika mahali watu wanaweza kuisoma. Ukiishi Juba miaka ile, ulijifunza kitu kimoja haraka: kutafuta laini isiyokatwa. Watu walifanya urafiki na mlinzi wa hoteli ili wapitishe waya ukutani. Walipanga chumba kibovu nyuma ya zahanati kwa sababu jenereta la zahanati halizimwi. Ulikuwa werevu wa kawaida tu, hakuna aliyeuona kuwa ni wizi. Sasa mimi nilikuwa nimewaandikia wenzangu, kwa herufi kubwa, laini isiyokatwa ni ipi. Haikupita wiki, nahodha alikuwa ameunganisha friji yake ya samaki kwenye laini ya kwanza. Mpishi akaunganisha birika. Halafu ukatokea ubao wenye matundu ya kuchajia simu, kumi na mbili kwa pamoja, zikining'inia kwenye bomba la pampu.

Nilizikata zote. Nilikuja na koleo, nikakata waya mmoja mmoja huku nikifoka, na samaki wa nahodha wakaoza kwa jua la mchana mmoja tu. Hakunisemesha kwa wiki nzima. Zikarudi, nikakata tena. Mwishowe nikaibana breka ya laini ile, yaani ile swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi. Niliibana mpaka ikawa haina nafasi ya birika wala ya simu mbili. Mtu akichomeka chochote, laini nzima ingezimika na mimi ningejua. Nahodha aliponiuliza kwa nini roho yangu ni ngumu hivyo, nilimhubiria juu ya joto, juu ya kabati, juu ya maisha ya watu. Nilikuwa sahihi, na nilifurahia sana kuwa sahihi.

Mama yangu, niliyerudi naye Juba, alikuwa na kisukari. Tulipanga chumba cha bati karibu na bandari, na alichoma sindano asubuhi na jioni. Insulini ilitoka Nairobi kwa ndege, ndani ya sanduku la baridi, mtu akinibebea ya miezi mitatu kwa mpigo, nami nikaipokea uwanjani huku moyo ukinidunda mpaka nilipolifungua sanduku na kugusa barafu. Chupa moja ya kutumia mama aliiweka kwenye kitambaa chenye maji, mahali penye upepo, kama alivyofanya kambini. Lakini akiba ya miezi mitatu, kwenye chumba cha bati, katika mji wenye joto lile? Nilinunua kifriji kidogo, cha ukubwa wa sanduku la soda. Na mnajua nilikiweka wapi.

Nilipitisha waya nyuma ya bodi, nikaupaka rangi ya kijivu kama bodi yenyewe, nikakificha kifriji ndani ya kabati la vipuri ambalo ufunguo wake nilikuwa nao peke yangu. Nilipoibana breka, niliacha nafasi ya usukani, pampu, feni na kifriji changu. Sikuacha hata punje zaidi. Usiku mwingine nilijiambia kwamba dawa si samaki, na ni kweli si samaki. Lakini ningeweza kumwambia nahodha hivyo hivyo, naye angekubali. Sikumwambia kwa sababu nilikuwa nimeshafoka sana. Mtu ukishakata waya za wenzako mbele ya watu, unabaki na kazi ya kuwa mtu asiye na waya.

Miaka miwili ikaenda hivyo. Bendera mpya zilianza kupauka kwa jua. Mama alinenepa kidogo, akapata kanisa la kupenda, akaanza kuniuliza nitaoa lini. Mimi nilikuwa situlii hata wakati huo. Nikiwa nyumbani nawaza pampu, nikiwa botini nawaza mama.

Desemba ile vita vikaanza. Sitasimulia tulichosikia na kuona mjini siku mbili za kwanza, maana wengi wameona makubwa kuliko mimi na hawajasema. Asubuhi ya tatu mwenye boti alipiga simu kutoka ng'ambo ya mpaka. Alituambia tuliondoe boti Juba, twende kaskazini na mto, tusimame mahali popote penye utulivu. Njia ya darajani, ya kwenda mpakani, ilikuwa imefungwa, na ndege za abiria zilikuwa zimesimama. Hapo nikaelewa kwamba chupa zilizomo kwenye kifriji changu ndizo chupa zote za mama duniani. Zilikuwa kumi na moja.

Nilimleta mama bandarini nikiwa nimemshika mkono, yeye na mfuko mmoja. Tulikuta watu wamejaa gatini. Nahodha aliwatazama, akavua kofia, akavaa tena.

"Waingie," alisema. "Wote. Kalas, basi."

Tulibeba watu wapatao mia, wengi wanawake na watoto. Lakini watu wenye bunduki walikuwa wametutembelea jana yake na kunyonya dizeli ya jenereta la pili mpaka tone la mwisho. Likabaki jenereta moja. Nikafanya kile orodha ilichosema. Nikakata laini ya nne, nikakata ya tatu, nikakata ya pili. Umeme wote uliobaki ulikwenda kwenye mota za propela na kwenye laini ya kwanza. Nilihisi kama mtu aliyejiandaa maisha yake yote kwa asubuhi ile, na nakiri kwamba kulikuwa na furaha ndani ya hofu.

Tulikwenda kwa muda wa saa tatu vizuri. Mchana ulipoanza kuwaka, mto ukatuletea majani. Yalikuja kwa mafungu makubwa ya kijani, yenye mizizi mirefu, yakizunguka. Mzee aliteremka chumba cha mashine na kukaa kati ya vyujio vyake viwili, akihamisha maji huku, akifungua kule, akichomoa majani kwa mikono, akirudisha. Mengine yalimpita yakaingia kwenye pampu yenyewe. Niliisikia kabla sijaiona kwenye mita. Ilianza kuguna, na pampu ikiguna inakula umeme zaidi.

Breka ikajikata.

Pampu kimya, feni kimya, usukani ukawa mgumu. Muda mfupi baadaye kabati la mota likajizima, na mota zikasimama. Boti likaanza kwenda lilikotaka mto, na mto ulitaka ukingo wa mashariki, ambako kulikuwa na moshi na tulikuwa tumesikia milio asubuhi. Kelele za watu juu zilikatika zote kwa pamoja. Niliirudisha breka, nikawasha upya, tukasogea. Dakika kumi, ikajikata tena. Safari hii nilikuwa nimesimama mbele ya bodi na nilisikia kilichotangulia: mlio mdogo ndani ya kabati la vipuri, mlio wa kifriji kinachojiwasha. Pampu iliyochoka na kifriji kinachoanza, kwa pamoja, vilizidi ile nafasi niliyoibana kwa mkono wangu mwenyewe.

Nahodha alichungulia kutoka ngazini. "Ya zol! We mtu! Nani ameiba stima? Tafuta hiyo waya, kata!"

Hakuna aliyeiba. Laini ya kwanza ilikuwa na waya nne, tatu za orodha na moja ya kijivu. Ningeweza kuilegeza breka, lakini pampu ile yenye majani ingeungua, na hatukuwa na nyingine. Ilibidi kitu kimoja kitoke. Kutoa kifriji peke yake kungetosha. Nilipima kwa mita, kwa hiyo najua kungetosha.

Nilizima feni.

Nilikuwa na sababu tayari mdomoni. Feni inakula kuliko kifriji, mtu yeyote wa umeme angeanza na feni, chumba cha mashine kingevumilia saa moja. Nikamwambia nahodha nimezima feni ili pampu ipumue, akasema kwes, vizuri, akarudi kwenye usukani. Kwa nafsi yangu nilijiambia ni kwa ajili ya mama. Lakini nisidanganye sasa. Chupa ningeweza kuzitoa pale pale, nikazifunga kitambaa cha maji, nikampa mama mwenyewe aliyeketi hatua ishirini kutoka kwangu na aliyeijua kazi hiyo kuliko mimi. Wazo hilo lilinijia. Lilinijia kabla sijagusa swichi ya feni. Pamoja nalo nikaona sura ya nahodha akinitazama nikitoka na kifriji mikononi, mimi niliyeozesha samaki wake. Nikaona mpishi akicheka. Ndiyo, katikati ya vita, na watu mia juu ya kichwa changu, niliogopa kuchekwa.

Niliita mlangoni mwa chumba cha mashine. "Mzee, feni nimezima kidogo! Toka upumzike!"

"Nikitoka, nani atachomoa majani?" akajibu bila kugeuka. "Iko sawa. Wewe angalia bodi yako."

Joto lililotoka mlangoni lilinifanya nirudi nyuma. Nikaenda kwenye bodi. Nikarudi mlangoni. Nikapanda sitahani, nikamwona mama amempakata mtoto wa mtu, nikateremka tena. Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyozunguka. Mkono wangu ulikwenda kwenye swichi mara kadhaa, ukarudi mfukoni. Mara ya pili nilipomchungulia, alikuwa amevua shati na kulilowesha, analiweka kichwani. Aliandika kitu kwenye daftari. Mara ya tatu alikuwa amelala kifudifudi juu ya chujio, mkono mmoja bado ndani ya majani.

Nilipiga kelele sijui gani. Nahodha alimwachia mpishi usukani, akaja, tukambeba. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, na nilijua maana ya ukavu ule: mwili umeshindwa hata kutoa jasho. Tulimlaza kivulini sitahani, watu wakatupisha, wanawake wakammwagia maji ya mto kwa sufuria. Mama alikuja bila kuitwa. Akakaa chini, akaweka kichwa cha Mzee pajani, akafungua lawa yake, ile shuka wanayofunga akina mama wa Juba begani, akaanza kumpepea. Alimpepea kwa mikono yote miwili, polepole, bila kupumzika.

"Nini kimemfanya?" akaniuliza.

"Joto, mama."

"Hakuna feni huko?"

Nilishuka mbio, nikachomoa waya wa kijivu, nikawasha feni, nikamweka mpishi kwenye vyujio na nahodha akarudi kwenye usukani wake. Halafu nikafungua kabati la vipuri. Nilizitoa zile chupa kumi na moja, nikazifunga ndani ya shati langu lililolowa, nikapanda nazo mbele ya watu wote, kifua wazi. Nilikuwa tayari kwa lolote. Hakuna aliyeniangalia. Watu walikuwa na yao. Nahodha peke yake aligeuka, akaona shati, akaona chupa moja iliyochomoza shingo.

"Dawa ya mama?"

"Ndiyo."

"Sasa si ungesema tu," akanijibu, akageukia mto.

Mama alizipokea, akazihesabu kwa macho, akalowesha shati upya na kuliweka upande wake penye upepo. Kisha akaendelea kupepea. Jua lilikuwa limeanza kuinama Mzee alipofungua macho. Alitapika, akanywa maji, akatapika tena. Alimtazama mama kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka ni dada yake yupi. Halafu akaliona lile shati, na macho yake yakanitafuta mimi.

"Umezitoa?" alisema. "Haijaharibika?"

Mama alidhani ni homa inazungumza, akamwambia anyamaze. Lakini mimi nilielewa. Alijua. Mtu anayeandika joto kila nusu saa kwa miaka miwili, na kuniona nikiingia na sanduku la Nairobi kila miezi mitatu, lazima ajue laini yake inabeba nini. Alikuwa amejua siku zote nilipokuwa nikifoka na koleo mkononi, na hakuwahi kusema neno. Na mle ndani, feni ilipozimika, alijua kwa nini imezimika hiyo, si kifriji.

Tulifika mahali pa kusimama jioni ile. Watu wakashuka wakakaa chini ya miti pamoja na maelfu ya wengine. Chupa za mama hazikuharibika, na zilimfikisha mpaka njia za Nairobi zilipofunguliwa tena. Mzee hakurudi kuwa vile alivyokuwa. Mkono wake wa kulia ulibaki ukitetemeka, na mwandiko wake ule mzuri ukawa kama wa mtoto wa chekechea. Niliuona daftarini. Kwenye ukurasa wa siku ile, kando ya joto la chumba cha mashine, alikuwa ameandika saa ambayo feni ilisimama. Sababu aliiacha wazi.

Wiki kadhaa baadaye tulirudi Juba kwa utulivu wa wasiwasi, na mwenye boti akasema Mzee aende kwao akapumzike. Nilimsindikiza mpaka Sherikat, upande wa pili wa daraja, ambako magari ya kwenda Nimule, mpakani, hupakia. Nilimbebea begi. Njia nzima nilipanga maneno. Nilitaka nimwambie kila kitu, kisha anitukane. Nilikuwa nayatamani sana yale matusi, nikayawaza kwa Kiganda na kwa Kiswahili, hata nikafikiri akinipiga nitasimama tu.

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Nikaanza, "Mzee, ile siku, feni..."

Aliinua ule mkono unaotetemeka, akanizuia.

"Wacha, Injinia. Mimi pia iko na mama. Ingekuwa yeye, hata mimi ningezima." Safari hii hakulivuta neno Injinia. Akanishika bega. "Mtu anaogopa kwa sababu ya mama yake, hiyo si kosa."

Nilikuwa na nafasi. Gari lilikawia, kondakta alikuwa akifunga mizigo juu, ningeweza kumaliza sentensi mbili au tatu. Ningemwambia mama alikuwa hatua ishirini tu kutoka kwangu. Ningemwambia kuhusu samaki, kuhusu kicheko cha mpishi ambacho hata hakikutokea. Alikuwa akinitazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa tamu.

"Asante, Mzee," nikasema.

Akapanda gari. Alikuwa amenisamehe kwa ajili ya mama, nami nilimwacha aondoke akiamini hivyo.